Maua ya Baptiste na ngazi ya Akademia

Mwaka 1665 Akademia ya Kifalme ya Uchoraji na Uchongaji mjini Paris ilimpokea rasmi Jean-Baptiste Monnoyer, mzaliwa wa Lille, aliyekuwa na umri wa miaka 29. Kama desturi ilivyotaka, alikabidhi kazi ya kuthibitisha ustadi wake: picha ya maua, matunda na vitu vya sanaa, ambayo leo imehifadhiwa katika makumbusho ya Fabre mjini Montpellier. Miaka kama mitatu baadaye Akademia hiyohiyo ilitangaza, kwa maandishi yaliyopigwa chapa, kwamba kazi ya aina hiyo ni ya daraja la mwisho.

Mwenye kalamu alikuwa André Félibien, mwandishi wa historia wa mfalme, katika utangulizi wa mihadhara ya Akademia ya mwaka 1667 iliyochapishwa mwaka uliofuata. Humo alipanga wachoraji kwa ngazi. Anayechora mandhari kwa ukamilifu, alisema, yuko juu ya yule anayechora matunda, maua au kombe za baharini tu. Anayechora wanyama walio hai anastahili heshima kuliko anayechora vitu vilivyokufa na visivyo na mwendo. Na kwa kuwa mwanadamu ndiye kazi kamili zaidi ya Mungu duniani, anayemchora mwanadamu anawapita wote hao. Lakini hata yeye anapitwa na mwenye kuchora kisa kizima cha historia au hekaya chenye watu wengi, na kileleni kabisa yupo anayefumba fadhila za watu wakuu ndani ya istiari. Ngazi hii ilitawala shule za uchoraji za Ulaya kwa vizazi na vizazi, na mabaki yake yangali katika ndimi zetu kila tunapoitazama picha ya maua na kusema kwamba hayo ni mapambo tu.

Ubishi wangu uko kwenye hilo neno “tu”. Maua ya Monnoyer yalikuwa mapambo kweli, wala sioni haja ya kumtetea kwa kuyakana. Yalitengenezwa kujaza nafasi iliyo juu ya mlango, kuzunguka kioo, kupamba ukingo wa zulia la ukutani. Ninachokataa ni dhana kwamba pambo ni kazi ya mkono isiyohitaji akili, na kwamba fikra huanza pale tu mtu mwenye kofia ya chuma na upanga anapoingia kwenye picha.

Monnoyer alifika Paris akiwa bado kijana na akaingia upesi katika kundi la mafundi waliofanya kazi chini ya Charles Le Brun, mchoraji mkuu wa mfalme Louis XIV wa Ufaransa. Paris ilimjua kwa jina moja tu, Baptiste. Le Brun ndiye aliyesimamia mapambo ya kasri la Versailles, na ndiye aliyeongoza karakana ya kifalme ya Gobelins, ambako mazulia makubwa ya ukutani yalifumwa kwa kufuata vielelezo vilivyochorwa kwanza kwa ukubwa wake halisi. Kielelezo kimoja kilipita mikononi mwa watu kadhaa: mmoja alichora watu, mwingine farasi na wanyama, mwingine milima na miti, na maua na matunda yakaachiwa Baptiste. Ndivyo ulivyofumwa mfululizo wa majumba ya kifalme katika miezi 12 ya mwaka, ambamo nyuma kabisa linaonekana kasri la mfalme, na mbele yake, karibu na macho ya mtazamaji, zimeangikwa taji za maua. Hapo mkuu wa ngazi alikuwa mbali na mdogo wa ngazi alikuwa karibu. Mtu aliyesimama mbele ya zulia hilo aliyakuta maua kabla hajalikuta kasri.

Kitu kinachonishangaza ni kwamba jamii iliyoyaweka maua chini ya ngazi ndiyo iliyoyahitaji kuliko jamii nyingine yoyote ya wakati wake. Kwenye bustani ya Trianon, ndani ya Versailles, maua hayakuoteshwa ardhini moja kwa moja. Yalikuzwa kwenye vyungu vilivyofukiwa ndani ya matuta, ili yaliyonyauka yang’olewe na mengine yaliyochanua yatiwe mahali pake, na mfalme anayepita asubuhi na jioni asione ua lililokufa. Saint-Simon, mkabaila mwenye cheo cha duke aliyeishi katika baraza la mfalme na kuandika kumbukumbu zake, anasimulia kwamba aliwahi kumwona mfalme na baraza lake lote wakiikimbia bustani hiyo kwa sababu ya ua jeupe liitwalo tuberosi, lililopandwa kwa wingi hata hakuna aliyeweza kuistahimili harufu yake. Mfalme huyo alipenda kuonekana kwamba anayatawala hata majira, na mchoraji wa maua alimpa kile ambacho watunza bustani wake, pamoja na vyungu vyao vyote, wasingeweza kumpa: bustani isiyobadilishwa vyungu.

Nitakaa kidogo kwenye picha zenyewe, kwa sababu hapo ndipo hukumu ya Félibien inapovunjika.

Wachoraji wa kizazi kilichotangulia, hasa wale wa Antwerp, walipanga maua kama wageni wa heshima waliokaa kwa ajili ya kutambulishwa. Katika shada la Jan Brueghel, aliyefariki mwaka 1625, kila ua limegeuza uso kwa mtazamaji, na ni machache tu yanayomfunika jirani. Wengi wa wateja wake walikuwa watu waliojua bei ya kila tunguu la tulipu, na walitaka kuliona kila moja wazi, kama mtu anavyohesabu mali yake mezani. Monnoyer aliuacha mpango huo. Katika mashada yake mengi, ambayo kwa kawaida yamewekwa kwenye kikapu cha fito au kwenye chombo kilichotua juu ya ukingo wa jiwe, ua moja linalifunika lingine nusu yake, jingine limegeuza kisogo, na peoni iliyofunguka kupita kiasi imeinamisha kichwa kwa uzito wake mwenyewe mpaka tunaona kikonyo na yale majani madogo ya kijani yanayoshika petali kutoka nyuma. Maua makubwa meupe na ya waridi yako karibu na katikati, ambako mwanga unaangukia. Yale ya buluu na zambarau yamesukumwa pembeni, yakizama gizani hata ukingo wa shada haujulikani unaishia wapi. Tawi moja jembamba linatoroka juu. Jingine linamwagika kwenye ukingo wa jiwe, na kivuli chake kinalala juu ya jiwe hilo kwa upole kama kivuli cha mkono wa mtu aliyesinzia.

Alichofanya hapo ni uamuzi mzito. Alikubali kuzificha bidhaa za thamani ili shada liwe mwili mmoja wenye uzito, wenye upande unaopata nuru na upande usioipata. Hii ni akili ileile inayomwezesha mchoraji wa vita kuwapanga watu 40 bila jicho kupotea kati yao. Na tukirudi kwenye kigezo cha Félibien, yaani kwamba vitu hivi havina mwendo, jibu limo katika peoni ile. Inaanguka. Jana ilisimama, leo imeinama, kesho petali zake zitakuwa juu ya jiwe, na mchoraji amechagua saa hii ya katikati ambayo haidumu. Ua lililokatwa halijafa bado. Linaendelea kunywa maji na kufunguka, na wakati huohuo linaisha. Waholanzi waliziita picha za namna hii kwa neno linalomaanisha maisha yaliyotulia, na naona walikuwa karibu zaidi na ukweli kuliko Wafaransa, ambao katika karne ya 18 walizoea kuziita asili iliyokufa. Kwa Kiswahili tungeweza kusema picha za vitu tuli, mradi tukumbuke kwamba kilichotulia hakijakoma.

Jambo la pili ambalo mtazamaji wa leo hulipita bila kuliona ni kwamba shada kama hilo halikuwahi kuwapo popote. Nargisi na hiasinthi za mwanzo wa machipuko zimo kwenye chombo kimoja na waridi za Juni, mipopi ya kiangazi na yasmini, ambayo Wafaransa wanaiita kwa jina lilelile tulilo nalo sisi, kwa sababu wao na sisi tulilichota kwenye kisima kimoja cha Kiajemi kupitia Kiarabu. Karne ya 17 haikuwa na ndege za kusafirisha maua wala vyumba vya baridi. Mchoraji alipaswa kulichora kila ua katika msimu wake, kwenye karatasi au kipande cha turubai, na kuiweka akiba michoro hiyo hadi atakapoihitaji. Brueghel alimwandikia Kardinali Borromeo mwaka 1606 kwamba alilazimika kwenda Brussels kuyachora maua ambayo hayakupatikana Antwerp. Monnoyer naye alitoa vitabu vya picha za maua zilizochongwa kwenye shaba na kupigwa chapa, ambavyo mafundi wengine wa mapambo walivitumia kama hazina. Kwa hiyo anayedhani kwamba mchoraji wa maua alikuwa akinakili tu kilicho mbele yake, hali mchoraji wa historia alikuwa akibuni, amekosea mwelekeo. Wote wawili walibuni. Tofauti ni kwamba ubunifu wa mmoja unajulikana kwa sababu hakuna aliyemwona Aleksanda Mkuu, na ubunifu wa mwingine haujulikani kwa sababu kila mtu amewahi kuona waridi.

Kuna ua moja linalostahili neno lake peke yake, nalo ni tulipu yenye michirizi. Lilikuja Ulaya magharibi kutoka dola ya Waosmani katika karne ya 16, na kufikia majira ya baridi ya mwaka 1637 bei ya matunguu yake huko Uholanzi ilikuwa imepanda kwa wazimu kabla ya kuporomoka. Aliyethaminiwa zaidi hakuwa tulipu wa rangi moja bali yule ambaye petali zake nyeupe au za manjano zimepasuliwa na ndimi za rangi nyekundu au zambarau, kana kwamba mtu amezichora kwa brashi ya nywele tatu. Wakulima hawakujua kwa nini tunguu lililotoa ua jekundu mwaka huu lilitoa la michirizi mwaka uliofuata, wala kwa nini matunguu ya namna hiyo yalidhoofika na kuzaa kwa shida. Ni katika miaka ya 1920 tu ndipo wanasayansi walipothibitisha kwamba ule uzuri ulikuwa ugonjwa, kirusi kinachoenezwa na vidukari kutoka mmea hadi mmea. Tulipu hizo zimo kwenye mashada ya karne nzima, ya Wafaransa na ya Waholanzi. Wachoraji walirekodi kwa uaminifu mkubwa dalili za maradhi ambayo hawakuyajua, na kama tungekuwa na vitabu vya biashara peke yake tusingejua maradhi hayo yalionekanaje kwenye petali.

Sayansi yenyewe ilikuwa na wachoraji wake, na hapa inafaa kumtaja Nicolas Robert, aliyefariki mwaka 1685. Robert alichora mmea mmoja katika kila ukurasa wa ngozi laini ya ndama, kwanza kwa Gaston wa Orléans, baba mdogo wa Louis XIV, aliyekuwa na bustani mjini Blois, kisha kwa mfalme, aliyerithi mkusanyiko huo Gaston alipofariki mwaka 1660. Kurasa hizo zingali katika Makumbusho ya Taifa ya Historia ya Asili mjini Paris. Robert alimtoa mmea kwenye umati ili ajulikane. Baptiste aliurudisha kwenye umati ili upendwe. Sioni sababu ya kuchagua kati yao, ila naona dhuluma kwamba wa kwanza amepewa heshima ya elimu na wa pili akabaki na lawama ya starehe.

Ngazi ya Félibien ilifanya kazi nyingine isiyosemwa sana. Tarehe 14 Aprili 1663 Akademia ilimpokea mwanamke wa kwanza, Catherine Duchemin, mke wa mchongaji François Girardon, na alipokewa kama mchoraji wa maua. Haikuwa bahati. Kuchora kisa cha historia kulihitaji kuujua mwili wa binadamu, na darasa la kuchora mwili ulio uchi lilifungwa kwa wanawake. Aliyenyimwa darasa hilo alibaki na maua na matunda, kisha akaambiwa kwamba maua na matunda ni daraja la chini. Huko ni kumfungia mtu mlango halafu kumlaumu kwa kutoingia. Monnoyer, aliyekuwa mwanamume na kipenzi cha Le Brun, aliubeba mzigo huo kwa wepesi zaidi: alifanywa mshauri wa Akademia mwaka 1679. Lakini ushauri ndio uliokuwa mwisho wake. Uprofesa ulikuwa wa wachoraji wa historia.

Sisemi kwamba kazi zake zote ziko sawa. Zile kubwa mno, zenye mazulia, mapazia na vyombo vya thamani vilivyorundikwa kando ya maua, zinanichosha, na nadhani najua kwa nini. Ni kama anaomba radhi. Kwa kuwa waamuzi walisema maua hayatoshi, akaongeza kitu cha shaba hapa na kitu cha marumaru pale ili shada lipate ukoo. Mkwewe na mwanafunzi wake, Jean-Baptiste Blin de Fontenay, aliyezaliwa Mprotestanti mjini Caen, alikwenda mbali zaidi katika picha aliyopokelewa nayo Akademia mwaka 1687, ambayo sasa iko Louvre: chombo cha dhahabu, maua, na sanamu ya kichwa na kifua cha Louis XIV. Mfalme amewekwa juu ya maua kama mdhamini. Ukikiziba kichwa hicho kwa kidole, picha haipungukiwi na chochote. Ukiyaziba maua, hutabaki na kitu cha kutazama.

Wakati nao umezitendea picha hizi jambo ambalo hakuna mwanachama wa Akademia aliyelipanga. Rangi za karne ile hazikuzeeka kwa mwendo mmoja. Nyeupe ya risasi imedumu, na ndiyo maana waridi nyeupe bado zinang’aa. Rangi nyekundu laini iliyotolewa kwa wadudu wadogo wanaoishi kwenye mpungate wa Mexico, iliyopakwa tabaka jembamba juu ya nyingine ili petali ionekane ina kina, hufifia kwa mwanga, na waridi iliyokuwa nyekundu ya damu hubaki na wekundu wa mtu aliyetoka kuugua. Kijani mara nyingi kilipatikana kwa kupaka manjano ya mimea juu ya buluu. Manjano ile huondoka, na ndiyo sababu katika picha nyingi za maua za karne hiyo mtazamaji anakuta majani ya buluu ambayo hakuna mti uliowahi kuyaotesha. Picha iliyoahidi kulizuia ua lisinyauke inanyauka yenyewe, ila kwa karne badala ya siku. Kwangu hilo linazikaribisha zaidi. Zimekuwa na majira yao.

Kufikia mwaka 1690 Baptiste alikuwa London. Aliitwa na Ralph Montagu, ambaye aliwahi kuwa balozi wa Uingereza mjini Paris na ambaye nyumba yake huko Bloomsbury ilikuwa imeteketea kwa moto mwaka 1686. Ili kuipamba upya alichukua watu watatu kutoka Ufaransa: Charles de La Fosse kwa watu na miungu ya darini, Jacques Rousseau kwa mandhari na nguzo za kuhadaa macho, na Monnoyer kwa maua, yaliyotandazwa juu ya milango na juu ya meko. Mpango wa Gobelins ulihamia ng’ambo ya bahari ukiwa mzima. Nyumba hiyo ndiyo iliyonunuliwa baadaye kuwa makao ya kwanza ya Makumbusho ya Uingereza, yaliyofunguliwa mwaka 1759, na katika miaka ya 1840 ikabomolewa ili jengo jipya lisimame mahali pake. Baadhi ya picha za Monnoyer ziliokolewa na sasa ziko katika jumba la Boughton, mkoani Northamptonshire. Hii ndiyo hatari halisi ya pambo, nayo haihusiani na akili ya mchoraji: picha ya vita hutundikwa kwenye msumari na ikahamishwa, lakini picha iliyokatwa kwa kipimo cha mlango hufuata hatima ya ukuta. Sehemu kubwa ya kusahaulika kwa Baptiste ni suala la useremala.

Alifia London mwaka 1699, bila kurudi kuishi Paris. Kabla ya hapo alifanya kazi moja ambayo ningeiweka mbele ya zote, nayo iko katika kasri la Kensington. Ni kioo. Malkia Mary wa Pili alitaka kioo kipambwe kwa maua, na Monnoyer akayachora juu ya kioo chenyewe kwa rangi za mafuta. Horace Walpole, aliyekusanya habari za wachoraji wa Uingereza katika karne iliyofuata, anasema malkia alikaa karibu naye kwa muda karibu wote aliokuwa akichora. Kwa hiyo brashi ilipokuwa ikitua juu ya petali, uso wa mwanamke yule ulikuwa humo ndani, katikati ya maua, ukisogea, ukigeuka, ukiondoka na kurudi. Desemba 1694 aliugua ndui akafariki, akiwa na miaka 32. Maua yako palepale, na katikati yake pana nafasi tupu inayompokea yeyote anayepita.